Kutu Nyekundu, Kutu Nyeusi: Namna ya Kuisafisha Bunduki Bila Kuichuna

Masika ya mwaka juzi nilifungua mfuko wa ngozi nilimohifadhi bunduki yangu ya mitutu miwili, nikakuta alama ya kidole gumba changu imechorwa kwa kutu juu ya mtutu wa kulia. Mistari yote ya kidole ilisomeka, duara ndani ya duara, kama ile niliyopigwa kwa wino siku nilipoomba leseni. Wiki tatu kabla nilikuwa nimeishika kwa mkono wenye jasho, nikaifuta juu juu, nikaifungia. Chumvi ya jasho na unyevu wa Tanga vikamaliza kazi iliyobaki.

Nikafanya wanachofanya wengi. Muheza ndimu hazikosekani, na tangu utotoni nimeona sinia na birika za shaba zikisuguliwa kwa ndimu hadi zing'ae. Nikakata moja, nikasugua. Kutu ilitoka upesi mno. Nilipopitisha kitambaa nikaona kwamba na rangi imeondoka nayo: katikati ya mtutu mweusi palibaki kiraka cheupe cha upana wa gumba, kinang'aa kama kijiko kipya.

Fundi mzee niliyempelekea aliigeuza dirishani mara mbili, kimya. Mwishowe akasema, "Mwanangu, hukuisafisha hii. Umeichuna."

Haya ninayoyaandika ni yale aliyonifundisha siku ile, na niliyoyajaribu tangu wakati huo. Yanamhusu anayemiliki silaha kwa leseni: mkulima anayelinda mahindi na nguruwe pori, mlinzi, mwindaji, au mlenga shabaha. Kazi yenyewe si ngumu. Inataka mafuta, kitambaa na subira, na kujua mapema ni wapi pa kusimama.

Buluu ni nini hasa

Rangi ile nyeusi ya mtutu, ambayo ukiigeuza juani humetameta buluu, haikupakwa kwa brashi. Ni chuma chenyewe kilichogeuzwa sura. Kutu ya kawaida, ile nyekundu, ni chuma kilichoungana na oksijeni na maji. Inavimba, inachanika, inanyonya unyevu zaidi na kukila chuma kilicho chini yake. Buluu nayo ni chuma kilichoungana na oksijeni, ila kwa mpangilio mwingine: ni nyeusi, imeshikamana, na inakaa palepale. Kwa maneno mafupi, mtutu wako umevikwa kutu njema ili kuchelewesha kutu mbaya.

Kuna njia mbili kuu za kuipata. Viwandani, vipande vya chuma huchovywa katika chumvi kali zilizoyeyushwa na kuchemshwa hadi nyuzi 140 hivi za Selsiasi. Njia ya zamani ni ya polepole: fundi huachia chuma kishike kutu nyekundu kwa makusudi, hukichemsha katika maji safi mpaka wekundu ugeuke weusi, husugua unga unaobaki, kisha hurudia mara nyingi mpaka rangi ikolee. Bunduki nyingi nzuri za mitutu miwili iliyolazwa ubavu kwa ubavu zilitiwa rangi kwa njia hii ya pili, kwa kuwa mitutu yake imeungwa kwa risasi laini ambayo chumvi zile za moto huishambulia.

Kwa njia yoyote ile, tabaka hilo ni jembamba mno. Lile la viwandani lina unene wa mikroni moja au mbili hivi, ilhali unywele wa binadamu hufika mikroni 50 na zaidi. Halina uwezo mkubwa wa kuzuia kutu peke yake. Kazi yake kubwa ni kuyashika mafuta. Buluu isiyo na mafuta ni kama paa la makuti lisiloshonwa.

Hapa ndipo ndimu yangu ilipokosea. Asidi haijui kutofautisha kutu nyekundu na kutu nyeusi. Zote kwake ni kutu, na huziyeyusha zote. Kwa hiyo dawa yoyote inayojisifu kwamba "inamaliza kutu" kwa kuiyeyusha, itamaliza na rangi ya bunduki yako. Tunachohitaji ni kitu cha kuilegeza ile nyekundu na kuikwangua taratibu, huku ile nyeusi iliyoshikamana ikibaki mahali pake.

Iangalie kwanza, usiiguse

Kaa dirishani penye mwanga wa asubuhi na uiangalie vizuri. Si kila bunduki nyeusi ina buluu. Ikiwa rangi ni ya kijivu, haina mng'ao, na inakwaruza kidogo ukipitisha kidole, hiyo ni tabaka la fosfeti, la aina inayopatikana sana kwenye silaha za kijeshi. Ikiwa inabanduka kwa magamba, ni rangi ya kupaka. Ikiwa sumaku hainasi kwenye mwili wa bunduki, mara nyingi huo ni aluminiamu, na aluminiamu haishiki kutu nyekundu. Wekundu uliouona huenda ni vumbi au umetoka kwenye skrubu ya jirani.

Angalia pia ubavuni, pale mitambo ilipo. Baadhi ya bunduki za mitutu miwili zina rangi za mawingu mahali hapo, kahawia, buluu na kijivu zikichanganyikana kama mafuta juu ya maji. Rangi hizo hukwanguka kirahisi kuliko buluu ya mtutu. Kutu ikishika hapo, tumia mafuta na kitambaa peke yake, basi.

Kisha pima kina. Pitisha ukucha polepole juu ya doa. Ukipita bila kukwama, kutu iko juu, na makala haya yanakutosha. Ukikwama kwenye kishimo, kutu imekwisha kula chuma. Unga mwekundu unaweza kuuondoa kwa hatua hizi hizi, ila kishimo hakitajaa, na kukifukuza kwa kusugua ni kupanua kidonda.

Hakikisha ni tupu, kisha hakikisha tena

Hili halina njia ya mkato. Elekeza mdomo wa mtutu mahali ambapo risasi ikitoka haitamdhuru mtu, na kidole kiwe mbali na kifyatulio. Kama ina magazini, toa magazini kwanza, ndipo ufungue chemba. Anayeanza na chemba huacha risasi nyingine ipande. Kama ni ya kuvunja, yaani inayokunjika katikati ili kufungua chemba, ivunje. Tazama ndani kwa jicho, kisha ingiza ncha ya kidole kidogo uhisi kwamba hakuna kitu. Risasi zote zipeleke chumba kingine, zifungiwe. Ukiinuka kujibu simu, ukirudi kagua upya kana kwamba hukuwahi kukagua.

Kazi hii ifanye mwenyewe. Sheria ya Tanzania ya silaha na risasi ya mwaka 2015, kama ilivyo ile ya Kenya, haimruhusu asiye na leseni kukaa na silaha, hata kama ni kijana wako wa kazi unayemwamini. Na fundi utakayempelekea naye awe na kibali.

Bunduki ya kuvunja ifungue vipande vitatu: ubao wa mbele, mitutu, na mwili wenye kitako. Utaona mengi ambayo hukuyaona ikiwa nzima, hasa chini ya ubao wa mbele, ambako maji ya mvua hujificha.

Vifaa vya kuweka mezani

Fulana kuukuu ya pamba iliyofuliwa, bila chapa za plastiki, ikatwe vipande vya kiganja. Mafuta mepesi ya madini. Yale ya bunduki ni bora, lakini mafuta ya cherehani, yale meupe yasiyo na harufu, yanafanya kazi hii vizuri na hayakosekani katika duka la vifaa vya ushonaji. Mswaki wa zamani. Sumaku ndogo. Kipande cha waya wa umeme wa shaba, ule mnene wa uzi mmoja. Na mwisho pamba ya chuma ya namba 0000, ambayo mafundi samani huiita sufuri nne na huitumia kulainisha vanishi. Ukipata ile ya shaba nyeusi badala ya chuma, ni salama zaidi, maana ni laini na nyuzi zake hazishiki kutu.

Waya wa umeme uandae hivi. Umenye kiasi cha sentimita tano, weka ncha juu ya jiwe au chuma kizito, uigonge kwa nyundo mpaka iwe bapa kama ulimi wa mjusi. Lainisha kingo zake kwa msasa kidogo. Sasa unacho kikwanguo ambacho ni laini kuliko chuma cha mtutu, na bado kina nguvu ya kuinua kutu iliyolegea. Wengine hutumia sarafu ya shaba. Sarafu nyingi za siku hizi ni chuma kilichovikwa ngozi ya rangi ya shaba, kwa hiyo ijaribu kwanza kwa sumaku. Ikinasa, irudishe mfukoni.

Hatua kwa hatua

*Ondoa chumvi.* Hatua hii wengi huiruka. Mafuta hayayeyushi chumvi. Maji ndiyo yanayoiyeyusha. Ukipaka mafuta juu ya jasho lililokauka, umeifunika chumvi tu, nayo itaendelea na kazi yake chini kwa chini. Chukua kitambaa, kilowe maji safi, kikamue mpaka kisidondoshe, upanguse sehemu zilizoshikwa. Papo hapo kausha kwa kitambaa kingine, kisha acha mitutu dakika kumi mahali penye joto na upepo. Usipeleke maji kwenye mitambo wala kwenye mbao.

*Lowesha kwa mafuta na usubiri.* Dondoshea mafuta juu ya kutu mpaka doa lote lizame, kisha ondoka. Nusu saa ni kidogo; usiku mzima ndio mzuri. Mafuta yanapenya kwenye nyufa za kutu na kuilegeza kutoka chini. Fundi wangu alipaka mafuta alasiri, akafunika mtutu kwa kitambaa kilichoroweshwa, akaniambia nirudi kesho. Nilidhani ananizungusha. Kumbe hiyo ndiyo nusu ya kazi.

*Futa kwa kitambaa.* Kitie mafuta, kizungushe gumbani, ufute kwa mwendo mfupi ukifuata urefu wa mtutu. Kitambaa kitatoka na rangi ya chai. Geuza upande safi kila baada ya mara tano au sita, kwa sababu unga wa kutu ni mgumu, na ukiendelea na kitambaa kichafu unasugua buluu kwa msasa uliojitengenezea mwenyewe. Ongeza mafuta, futa tena. Kutu nyingi changa, ile ya wiki mbili au tatu, huishia hapa.

*Tumia waya wa shaba.* Yakibaki madoa yanayojitokeza juu kama punje, tia mafuta mapya, laza ulimi wa waya karibu na usawa wa mtutu, usukume punje kwa ubavu wake. Usichimbe kwa ncha. Utahisi punje ikiachia, kama gamba la kidonda kilichopona. Shaba inaweza kuacha mstari mwekundu kidogo juu ya buluu. Usishtuke, hutoka kwa mafuta na kitambaa.

*Pamba ya sufuri nne, ikibidi.* Kabla ya kuipeleka kwenye doa, jaribu mahali pasipoonekana, mfano sehemu ya mtutu inayofunikwa na ubao wa mbele. Chukua kipande cha ukubwa wa zabibu, kiloweshe mafuta mpaka yachuruzike, kisha pitisha mara nne au tano kwa uzito wa kidole tu. Futa, angalia. Buluu ikiwa imebaki vilevile, endelea kwenye doa kwa utaratibu huohuo: mara chache, futa, angalia. Ikiwa imepauka, basi bunduki hiyo pengine ilirudishiwa rangi kwa dawa ya kupaka baridi, ambayo hushika kidogo sana. Ishie kwenye kitambaa. Pamba kavu usiitumie hata mara moja. Mafuta ndiyo yanayobeba uzito, pamba inasaidia tu.

Kuwa mwangalifu zaidi kwenye kingo: mdomo wa mtutu, ukingo wa juu kati ya mitutu, pembe za mwili. Hapo uzito wa kidole hukusanyika mahali pamoja, na ndipo weupe hutokea kwanza.

*Okota nyuzi.* Pamba ya chuma huacha vipande vidogo visivyoonekana, na kila kimoja ni mbegu ya kutu mpya. Funga sumaku ndani ya kitambaa, ipitishe juu ya mtutu na kwenye mifereji. Mswaki umalizie pembe. Futa yote mpaka kitambaa kitoke safi.

*Paka tabaka jembamba.* Matone matatu ya mafuta kwenye kitambaa yanatosha mtutu mzima. Ukigusa, kidole kiteleze bila kulowa. Mafuta mengi hayaongezi ulinzi. Hukusanya vumbi, hushuka kwenye mitambo na kugandamana, na yakifika kwenye kitako huloweka mbao mpaka zilainike na kuwa nyeusi.

*Rudi baada ya siku mbili.* Ikague mchana, kisha tena baada ya wiki. Kutu iliyobaki ndani ya vitundu hujionyesha kwa ukungu mwekundu. Ukiuona, rudia kwenye mafuta na kitambaa. Kazi ya mara tatu nyepesi ni bora kuliko moja nzito.

Mahali pa kusimama

Kuna doa ambalo litabaki hata ufanyeje: baada ya kutu kutoka, chini yake utaona kivuli cha kijivu au alama nyeupe. Hujakosea. Kutu yenyewe ndiyo iliyokula buluu ilipokaa, na wewe umefunua tu kilichokwisha kutokea. Hapo ndipo wengi huingiwa na tamaa ya kusugua zaidi "mpaka ilingane", na ndipo bunduki huharibika. Chuma kitupu chenye mafuta hakina shida yoyote. Kinahitaji tu kuangaliwa mara nyingi zaidi.

Kuna dawa za kurudishia rangi baridi, zinazopakwa kwa kitambaa. Hufunika kasoro ndogo, lakini nyingi zina chumvi za seleniamu, ambazo ni sumu kwenye ngozi na ukizivuta puani. Hazidumu wala hazifanani na buluu halisi. Ukiamua kuzitumia, vaa glovu, fanya kazi nje, na usitegemee miujiza.

Kutu ikiwa ndani ya mtutu kiasi cha kuonekana kama tetekuwanga, ikiwa kwenye chemba, au ikiwa imegusa mitambo, acha na umpelekee fundi mwenye kibali kabla ya kufyatua tena. Vivyo hivyo kama ni bunduki ya zamani yenye thamani ya kihistoria. Kwa wakusanyaji, buluu ya asili iliyochakaa ina thamani kuliko buluu mpya inayong'aa, na dakika kumi za bidii zinaweza kuiondoa.

Vitu vya kuviacha jikoni

Ndimu, siki, ukwaju na soda za kola zote zina asidi. Dawa za kuondolea kutu kwenye mageti na magari, nyingi zina asidi ya fosfori; ni nzuri kwa geti. Jiki ni mbaya kupita zote, kwa sababu klorini yake haiondoi kutu, inaialika. Majivu, mchanga, dawa ya meno na poda za kusugulia zinakwangua. Stilwaya ya masufuria inaonekana kama ndugu wa sufuri nne, lakini nyuzi zake ni nene na kali. Ukiipitisha juu ya buluu mara moja, mistari yake utaiona maisha yako yote. Brashi ya waya ya kufunga kwenye drili wala sitaizungumzia.

Kwenye mafuta pia kuna mitego. Ya kupikia, hasa ya alizeti, hukauka na kuwa ulimbo. Oili chafu iliyotolewa kwenye injini ina asidi, maji na masizi ya mwako. Mafuta ya taa yanasaidia kulegeza kutu, na wazee wengi walianza nayo, lakini huvukizwa na kuacha chuma uchi. Ukiyatumia, kaa mbali na moto, yafute kabisa, kisha upake mafuta ya kudumu.

Na WD-40? Herufi zake mbili zinasimama kwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya kufukuza maji, na 40 ni namba ya jaribio lililofaulu, huko San Diego, Marekani, mwaka 1953. Kazi yake imo katika jina. Inafukuza maji na kulegeza kutu changa vizuri, ila tabaka linalobaki ni jepesi mno kwa masika ya pwani. Itumie kuanzia, usiishie nayo. Ballistol, mafuta ya Kijerumani yaliyotengenezwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya jeshi la nchi hiyo, yana sifa nyingine: yanachanganyika na maji yakawa kama tui, hivyo yanaweza kuondoa chumvi na kuacha mafuta kwa mkupuo mmoja.

Kikulacho ki nguoni mwako

Niliporudi kuchukua bunduki, fundi aliniuliza naiweka wapi. Nikamwonyesha kwa fahari ule mfuko wa ngozi uliodariziwa. Akaingiza mkono ndani, akautoa, akanishika kiganja: ulikuwa na unyevu. "Mwizi wako huyu hapa," akasema.

Ngozi hunyonya maji kutoka hewani na huyatunza. Mara nyingi ina mabaki ya chumvi na asidi za kutengenezea. Mfuko wenye sponji ndani ni vivyo hivyo, na kuifunga bunduki kwa plastiki ni kuufungia unyevu ndani pamoja nayo. Mfuko ni wa safari. Ukifika, itoe.

Chuma huanza kushika kutu kwa kasi pale unyevu wa hewa unapopita asilimia 60 hivi, na huku pwani unyevu hukaa juu ya hapo sehemu kubwa ya mwaka. Kwa hiyo ndani ya kabati lako la chuma, lile unalotakiwa kulifunga kwa ufunguo, weka chembechembe za silika zinazobadilika rangi zikijaa maji. Zile za rangi ya chungwa ni bora kuliko za buluu, ambazo hutiwa kobalti yenye sumu. Vile vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu kwa kawaida vimekwisha kujaa kabla havijakufikia. Kabati lisiegemee ukuta wa nje unaotoa jasho, wala lisikae juu ya sakafu tupu ya saruji. Bunduki isimamishe mdomo chini kwenye kitambaa safi, ili mafuta yateremke kuelekea mdomoni badala ya kuingia kwenye kitako.

Jihadhari pia na jasho la chuma. Ukitoka kwenye gari au chumba chenye kiyoyozi ukaingia kwenye joto la nje, mtutu utalowa wote kwa dakika chache, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Usiufungie katika hali hiyo. Uache upate joto, ufute, upake mafuta.

Ratiba yangu sasa ni hii: kila ikishikwa, inafutwa kwa kitambaa chenye mafuta kabla ya kurudi kabatini. Kuanzia Machi hadi Mei, na mvua za vuli zikianza, naikagua kila wiki; miezi mikavu, mara moja kwa mwezi. Ikinyeshewa, haingoji kesho. Kwa ile inayokaa muda mrefu bila kutumika, tabaka jembamba la nta hufanya vizuri kuliko mafuta, maana haiteremki wala haifutiki kwa mguso mmoja. Nta ya Renaissance, iliyotokana na utafiti wa British Museum kwa ajili ya kutunza vitu vya makumbusho, hutumiwa na wakusanyaji wengi kwa kazi hii. Na kabla ya kufyatua risasi yoyote, pitisha kitambaa kikavu ndani ya mtutu: mafuta yaliyosimama mle, au kitambaa kilichosahaulika, ni hatari kwako kuliko kutu yote niliyoizungumza hapa.

Kile kiraka cha ndimu bado kipo. Fundi alikataa kukipaka dawa, akasema nikiache kinikumbushe. Nakitia tone moja la mafuta ya cherehani kila Ijumaa, na masika mawili yamepita bila kushika kutu.